Hansi na Mlango wa Chumba Namba Nne

Hansi Devi alikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali yetu ya mlimani kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo sikumwona mtu aliyemshinda kwa maneno. Nasema hivyo mimi niliyekuwa mkubwa wake wa kazi. Mimi ndiye Sista Champa, msimamizi wa wodi, mwenye sare nyeupe na funguo kiunoni. Yeye ndiye mwenye ndoo, tambara na beseni la kuogeshea wagonjwa. Kwenye karatasi mimi ndiye niliyekuwa nikimwamuru. Kwenye karatasi tu.

Alikuja kwetu akiwa mjane wa miaka ishirini na mitatu, mtoto mgongoni, kutoka kijiji cha juu kabisa ambako theluji huziba milango. Kusoma alijua namba za vitanda, basi. Saa ya mapumziko alikaa juani nyuma ya chumba cha kufulia, akafuma sweta huku anavuta biri, sigara yake ya jani, halafu akaniapia kuwa harufu ile ya moshi ni ya dobi. Kila sweta aliyofuma ilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Ninayo moja mpaka leo, na huo mkono mrefu naukunja.

Basi tukajengewa jengo jipya. Zamani tulikuwa na wodi moja ndefu, vitanda ishirini, na chini ya kila kitanda amelala mke au mama au shemeji wa mgonjwa na sufuria yake. Kelele usiseme. Jengo jipya lilikuwa na vyumba vya mtu mmoja mmoja, vigae vinang'aa, oksijeni inatoka ukutani, kengele iko ukutani. Tulilifungua kwa mashada ya maua na peremende, na mimi nilijiona nimefika. Kasoro ilikuwa moja. Vyumba vyote vilichorwa kitanda kikae katikati, kichwa kimegota ukuta wa kaskazini.

Kwetu mtu hulazwa kichwa kaskazini siku moja tu maishani, siku anaposhushwa chini kutoka kitandani kwake kwa sababu safari yake imefika. Mtoto wa miaka mitatu anajua hilo. Aliyechora ramani naye alijua, na nyumbani kwake halali hivyo, lakini nadhani alidhani mgonjwa anaacha hayo getini pamoja na viatu.

Hansi aliingia chumba cha kwanza, akatazama, akatoka.

"Sista, hivi aliyejenga hapa ana mama?"

"Anaye. Kwani vipi?"

"Basi hakumlea."

"Hansi, hii ni hospitali, siyo hekalu. Piga deki."

Wiki haikuisha, kila asubuhi nikawa nakuta nyayo juu ya mito. Wagonjwa walikuwa wanajigeuza wenyewe, kichwa kwa upande wa dirisha, miguu kwenye ukuta wa kaskazini. Mwenye mguu uliovunjika hilo halimdhuru sana. Nilikuwa nawagomba, wanarudi, nikiondoka wanajigeuza tena. Nikajitia hamnazo.

Mwezi wa Januari ndipo akaletwa mzee Dungar Singh, mchunga kondoo, kifua kimejaa, midomo imekuwa ya bluu. Tukamlaza chumba namba nne. Alikuja na mkewe, Jasuli, kibibi kidogo ambaye kwa miaka hamsini hajawahi kulala mbali na huyo mume wake. Lakini pembeni mwa kitanda palibaki nafasi ya mtu kupita kiubavu tu, hivyo kanuni ilisema ndugu wakae kwenye benchi la korido. Akawa amekaa huko, kila mara anasimama anachungulia kwenye kioo kidogo cha mlango.

Mzee naye alijigeuza kama wengine. Akigeuka, mpira wa oksijeni haumfikii puani. Nikajaribu kuunga mipira miwili kwa plasta, ikaachia. Mipira mirefu tuliagiza bondeni, na barabara ilikuwa imeporomoka. Siku tatu mzee akawa hivyo, akilala kichwa kaskazini hafumbi jicho kwa hofu, akijigeuza anakosa pumzi. Daktari Saksena akaniambia waziwazi kwamba moyo umechoka, na akikosa tena hewa na usingizi siku mbili, tumempoteza. Akaandika afungwe mikono.

Nilimfunga mimi mwenyewe, kwa bendeji laini. Mzee hakubishana. Aliniuliza tu, "Binti yangu, mimi bado sijafa. Mbona unanilaza kama nimekufa?"

"Ni ukuta tu, Baba," nikamjibu.

Najuta jibu hilo. Nimewajibu watu vibaya mara nyingi, nina ulimi mbaya na ninalijua, lakini lile ndilo linanirudia.

Asubuhi iliyofuata Hansi aliingia kumwogesha, mara akatoka na beseni limejaa maji vilevile. Akalitua juu ya meza yangu, juu ya mafaili.

"Nani kamfunga?"

"Daktari ameandika."

"Sijauliza nani kaandika."

Akasogea karibu, akashusha sauti, na Hansi akishusha sauti ujue umekwisha. "Ulipojifungua nilikuja kwako siku arobaini kumkanda mtoto. Kitanda chako nimekitandika mimi. Kichwa kilikuwa wapi?"

"Mashariki."

"Kumbe. Wewe mashariki, yeye kaskazini."

Roho ilinisuta, na mimi roho ikinisuta huwa nang'aka. Nikamjia juu, nikamwambia kazi yake ni kuogesha. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatoa uzi wa sufu mfukoni, akarudi namba nne. Kwa uzi ule alipima mpira wa oksijeni, akapima kitanda, akapima ukuta, huku anafunga mafundo. Kisha akaniita.

Kitanda kikilazwa kufuata ukuta uleule wa kaskazini, kichwa mashariki, mpira unafika na unabaki. Tena upande wote wa dirishani unakuwa wazi, mtu anaweza kutandika mkeka akakaa juani karibu na uso wa mgonjwa. Tatizo ni mlango. Ulikuwa ubavuni, unafunguka kwa ndani, na mwisho wa kitanda ungeuzuia kwa vidole vinne.

"Vidole vinne," Hansi akasema. "Mtu afe kwa vidole vinne?"

Nikampigia fundi wa hospitali. Akasema bila karatasi ya mganga mkuu hagusi mlango, na mganga mkuu yuko bondeni mpaka Jumatatu.

"Tungoje Jumatatu," nikasema.

"Mwambie yeye angoje." Akanyoosha kidole kwa mzee. "Mimi naweza."

Akaenda kwa mtu wa jenereta, akarudi na bisibisi. Nikamwambia, "Hansi, ukigusa huo mlango nakuandikia barua ya onyo."

"Andika. Ukimaliza unisomee, maana mimi sijui kusoma."

Akaanza na bawaba ya juu. Nilisimama pale mikono kiunoni, nimevimba, korido nzima inatutazama. Skrubu ya mwisho ya juu ilipotoka, mlango ukalegea ukataka kumwangukia. Nikaudaka. Ulikuwa mzito, siwezi kuuachia, na Hansi naye amechutama chini na bisibisi yake.

"Shikilia vizuri basi, Sista," akasema. "Umekwisha ingia."

Tuliuegemeza mlango koridoni. Tukakisukuma kitanda, gurudumu moja linalia, mpaka kikakaa na ukuta. Nikamfungua mzee mikono. Nikamwekea mpira puani, akanitazama, akageuza kichwa akaliona jua limetoka upande gani, akaelewa. Hansi akatundika shali yake mlangoni iwe pazia. Jasuli akaingia bila kuambiwa, akatandika mkeka, akakaa, akaweka kiganja kwenye shavu la mumewe.

Mzee akafumba macho. Nilisubiri ayafumbue, kama siku zile tatu. Hakuyafumbua. Baada ya muda akaanza kukoroma, mkoromo mbaya wa mchunga kondoo, na nilikwenda kulia chumba cha dawa, nikajifanya natafuta bomba za sindano.

Alilala mpaka kesho yake asubuhi. Kucha zikawa za waridi. Na mimi nikagundua kitu ambacho sikuwa nimekiwaza. Mlango ulipotoka, nilikuwa naiona sura yake kutoka mezani kwangu. Siku zile nyingine nilikuwa nachosha miguu kwenda kuchungulia, na bado nachelewa. Jasuli naye alikuwa akiona mpira umeteleza anaurudisha kabla sijainuka. Daktari Saksena alipokuja alisimama mlangoni, akaishika shali, akapima kifua cha mzee, akaandika. Akiondoka akasema tu, "Namba tano je?"

Siku ya tisa Dungar Singh alitoka kwa miguu yake, mkewe nyuma amebeba mkeka. Barua ya onyo sikuiandika. Mganga mkuu ndiye aliyeiandika, akatuandikia wote wawili, na yangu na ya Hansi nikamsomea nyuma ya chumba cha kufulia. Tulikuwa tumekalia milango sita iliyopangwa pale. Akasikiliza, akavuta biri. "Ameandika vizuri," akasema. "Na mwandiko wake je, mzuri?"

Hansi alistaafu, mimi nikamfuata baada ya miaka mitatu. Hospitali ikapakwa rangi upya, ikapata milango mipya, na vitanda vikarudishwa katikati. Mwaka juzi mkwe wa Hansi akanipigia simu kwamba Mama amelazwa, kifua. Zile biri. Nikapanda gari asubuhi ileile.

Chumba namba nne. Mlango umefungwa. Nikachungulia kwenye kioo nikaona nyayo mbili juu ya mto, zimekauka, nyayo ninazozijua. Ukutani mpira wa oksijeni unapuliza hewa bure. Kichwa chake kiko kwa upande wa dirisha, anahema kwa mdomo.

"Kwa nini hukuwaambia?" nikamuuliza. Nilikuwa nimeingia bila hodi, nimekasirika.

"Niliwaambia. Wananiita Bibi." Akapumua. "Wananipapasa kichwa."

Nikatoka. Mtu wa jenereta sasa ni mwingine, lakini bisibisi ni bisibisi. Niliporudi, sista wa zamu, msichana mzuri mwenye sare iliyopigwa pasi, akanizuia. "Mama, ukigusa huo mlango nitamwita mlinzi."

"Mwite," nikamwambia. "Tena haraka, aje ashike upande wa pili."

Nilikuwa na miaka sitini na minne na magoti mabovu. Nilipiga magoti hivyohivyo. Skrubu ya chini ikanigomea, nikaihangaikia mpaka jasho likaniingia machoni.

"Kushoto, Sista," sauti ikatoka kitandani. "Miaka yote hiyo hukujifunza."

Yule msichana alitazama kidogo. Kisha akaja akaushika mlango.

Tukakisukuma kitanda kikakaa na ukuta, tukamgeuza Hansi kichwa mashariki, mpira puani, na mimi nikatandika mkeka wangu juani. Akalala. Nilikaa naye hapo siku kumi na saba, nikifuma, na mikono ya sweta yangu ikatoka sawa, jambo ambalo alisema ni uchoyo wa uzi. Hewa ile ilimpa siku hizo. Zaidi ya hizo kifua kilikataa. Asubuhi ya kumi na nane mkwewe na mimi tulimshusha sakafuni, pole pole, juu ya mkeka. Tukamgeuza kichwa kaskazini, naye Hansi, aliyebishana na kila mtu, safari hii hakubisha.