Jedwali la Kemikali Zisizopatana

Kiwanda cha samaki nilichofanyia kazi Kisumu kilikuwa na stoo moja tu ya kemikali. Klorini ya kuoshea sakafu ilikaa humo bega kwa bega na asidi ya kuondolea ukoko kwenye mashine za barafu. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza masomo ya kemia Chuo Kikuu cha Maseno, na kazi yangu ilikuwa kupima maji na minofu. Lakini siku ya kwanza nilipoingia stoo ile koo liliniwasha, nikajua dawa hizo mbili zimeshagusana mahali.

Hakuna aliyenituma. Nilisoma maelezo ya kila kemikali, nikachora jedwali: kijani kwa zinazoweza kukaa pamoja, nyekundu kwa zinazotoa gesi au moto zikikutana. Nikapendekeza asidi ijengewe chumba chake, na mtungi uliobeba asidi usitiwe kitu kingine kamwe. Meneja alinisifu, akalitia jedwali kwenye faili la ukaguzi. Wanunuzi wa ng'ambo walipokuja walioneshwa, wakaridhika. Chumba hakikujengwa.

Aliyelielewa jedwali ni mama mmoja wa mtaa wa Obunga, msimamizi wa wasafishaji. Alinikuta stoo akaniuliza nyekundu maana yake nini. Nilimweleza kwa Kiswahili, nilipokwama nikamalizia kwa Dholuo. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema basi niwaambie wakubwa wanunue mitungi ya kutosha. Niliwaambia. Nikajibiwa nisubiri.

Ukaguzi mwingine ulipokaribia, meneja aliniletea fomu yenye majina ya wasafishaji wote. Ilisema nimewafundisha hatari za kuchanganya kemikali. Nilimwambia sijawafundisha. Akasema nitawafundisha wiki inayofuata, sahihi ndiyo inayotakiwa sasa. Nilitia sahihi. Wiki hiyo haikufika.

Asubuhi moja nilisikia kikohozi kutoka upande wa stoo, kikohozi kisichopata nafasi ya kuvuta pumzi. Tulimkuta yule mama amepiga magoti, mtungi umeanguka kando yake, na hewa yenye rangi ya manjano inatambaa sakafuni. Tulijifunga vitambaa vilivyoloa tukamburuta hadi nje. Macho yalimvimba. Alitaka kusema neno, akashindwa.

Alipona, kama kupona ni kutoka hospitali. Mapafu yake hayakurudi yalivyokuwa.

Kwenye kikao cha uchunguzi meneja alilitandaza mezani jedwali langu, lile lile, na juu yake akaweka fomu. Alisema kiwanda kilijua hatari, kiliiandika na kiliwafundisha wafanyakazi, kwa hiyo kosa ni la mama. Kisha akanigeukia.

"Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu," nikasema.

Niliulizwa kama nina la kuongeza. Nilikuwa nalo. Nilitazama mikono yangu, na kikao kikafungwa. Mama akaachishwa kazi.

Nilikwenda kwake kumwomba msamaha. Alikuwa ameketi mlangoni, anaongea kwa vipande vipande.

"Nyathina, mwanangu, mimi nilijua," alisema. "Wewe ulinifundisha. Ila mtungi ulikuwa huo mmoja wa asidi, na maji ya kuusuuza yalikuwa yamekatika. Niliukung'uta, nikaona umekauka, nikatia klorini. Meneja alikuwa amesimama pale ananiharakisha."

Nilimwambia kuhusu fomu. Akauliza kama ningeweza kwenda kueleza ukweli. Niliwaandikia barua wachunguzi siku iyo hiyo. Ilipokelewa, ikapigwa muhuri, na hakuna aliyeijibu. Mwezi uliofuata niliacha kazi, jambo ambalo halikumsaidia mtu yeyote.

Tunasali kanisa moja. Yeye hukaa karibu na mlango apate hewa, na wimbo ukianza husimama na wenzake, mdomo kaufumba. Mimi hukaa mbele kabisa, mahali ambapo siwezi kumwona.