Bwana Afya wa Kijiji Kipya

Lukumani alipopangiwa kusomea afya ya jamii badala ya uganga, mama yake, Bi Zamda, alilia kama aliyefiwa. "Umesoma kote huko, mwanangu, ukawe bwana vyoo?"

"Mganga humngoja mgonjwa, mama. Mimi nitamzuia asiugue."

Alisema hivyo kwa kuamini kabisa.

Mwaka 1974, wakati wa kuhamishia watu vijijini, alitumwa porini ng'ambo ya Kaliua kupima mahali pa visima na vyoo vya kijiji kipya. Siku ya kwanza tu ndorobo walimng'ata shingo yote. Akaenda kwa katibu wa operesheni, Abbasi.

"Ndugu Katibu, hawa ndio nzi wa malale. Tufyeke msitu kwanza, watu waje baadaye."

"Malori yameshapangwa. Au unapinga maendeleo?"

Lukumani akarudi porini. Akaendelea kupigilia vigingi.

Mama mmoja, Ng'washi, alikataa katakata kuacha mihogo yake. Alimwamini Lukumani, maana ndiye aliyewasafishia kisima cha kijiji chao cha zamani ugonjwa wa kuhara ulipoenea, kwa hiyo viongozi wa operesheni wakamtuma yeye akamshawishi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niambie kweli, huko ni salama?"

"Maji yapo. Zahanati itajengwa."

Habari ya nzi hakuigusa. Ng'washi akapakia mitungi na kuku. Mumewe, Jilala, akabeba kinu.

Kabla ya mavuno Jilala alianza kuumwa kichwa, kisha akawa analala mchana kutwa, hata ugali ukiwa mdomoni. Lukumani alimpandisha treni mwenyewe mpaka Tabora. Hospitalini waliona ugonjwa umeshafika kwenye ubongo. Jilala hakurudi.

Wakati huohuo Lukumani akapata nafasi ya kusomea uganga. Bi Zamda, ambaye mkono wake ulikuwa kwenye cherehani siku zote, alishamshonea koti jeupe.

"Siendi, mama."

"Huendi? Una wazimu?"

"Kuna watu nimewapeleka mahali pabaya, nami nilijua."

Mama yake alikunja lile koti, na kwa muda mrefu hakusema naye ila la lazima.

Lukumani akarudi kijijini. Alishika shoka pamoja na wanakijiji, wakafyeka vichaka kuzunguka nyumba na kisima. Fundi wa maabara alipokuja, walipima damu za wote waliojitokeza. Waliogunduliwa mapema walitibiwa wakapona. Wengine walishakitoroka kijiji, na hakuna aliyejua hali zao.

Ng'washi alikuja wa mwisho, akanyoosha kidole bila kumtazama.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Lukumani akamtoboa, akaipaka damu kwenye kioo.

"Nina wajukuu wawili nyumbani," Ng'washi akasema hatimaye. "Hawajapimwa."

Akainuka, akashika njia. Lukumani akakusanya vifaa vyake, akamfuata nyuma.