Njia ya Nyuma ya Majabali

Miaka ile kiwanda cha nguo kilipopunguza watu, mume wangu alirudi nyumbani na boksi lake la spana, akalisukuma chini ya kitanda, akakaa. Simaanishi kwamba alipumzika. Alikaa. Alikuwa fundi mitambo, mtu wa kuondoka nyumbani kabla mwanga haujafika ziwani, na sasa alikuwa akishinda kwenye kiti nyuma ya pazia, redio ikisema kwa sauti ndogo. Mtu akibisha hodi, ananiashiria kwa mkono: sema sipo.

Sikumlaumu. Walioachishwa kazi walikuwa wengi pale mtaani kwetu Mkuyuni, lakini kila mmoja alijiona yuko peke yake. Ukikutana na mwanamume barabarani asubuhi, siku ya kazi, ulimsalimu, ukamuuliza habari za watoto, kisha bila ubaya wowote ukamuuliza, "Leo hukwenda kazini?" Swali hilo dogo ndilo lililomfungia mume wangu ndani. Hakuwaogopa watu. Aliogopa swali.

Kwenye zahanati walimpima wakakuta presha imepanda. Mama mmoja mganga akamwambia, "Baba, dawa nakupa, lakini tembea. Toka ndani utembee." Akaitikia vizuri kabisa. Tukarudi nyumbani, akaketi palepale. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kila mchana nilipokuwa narudi nilitembea nikiwa na hofu moja: kwamba siku moja nitafungua mlango nikute kiti kina mtu, lakini mume wangu hayumo.

Kilichotuokoa mwanzoni ni kalenda. Jumamosi na Jumapili hakuna anayekwenda kazini, kwa hiyo hakuna anayeulizwa. Mwanamume akionekana njiani Jumamosi ni mtu kama watu wengine. Nilipomweleza hivyo akasema, "Mwalimu, umepiga hesabu." Aliniita mwalimu alipotaka kunitania, na nilikuwa sijalisikia neno hilo kwa wiki nyingi.

Basi tukaanza. Watu wengine huniuliza mpaka leo namna ya kumtoa mwenzako ndani, nami huwaambia si vigumu, ila inataka uvumilivu. Usimvute mkono. Usimwambie ni dawa. Chagua sehemu ya karibu yenye kitu cha kutazama, na mkifika, nyamaza. Sisi tulikwenda ziwani. Nilimnunulia raba za mitumba pale sokoni Mlango Mmoja, nyeupe, zenye mstari wa kijani, na mimi nikavaa ndala zangu. Wiki za kwanza tulifika majini, tukakaa juu ya jiwe, tukarudi. Hakuna zaidi. Lakini mtu aliyekaa sana ndani, macho yake nayo huwa yamekaa, nayo yanahitaji kufundishwa kwenda mbali tena.

Na palikuwa na umbali wa kutosha. Ni miaka ile magugu maji yalipoingia ziwani, na ufuko wetu ukawa kama kitu kinachoota ndoto. Jumamosi hii unakuta maji matupu, yanang'aa kama bati jipya. Jumamosi ijayo unakuta bustani nzima ya majani mazito na maua ya zambarau, imetia nanga pale ulipokuwa unatazama mitumbwi. Wavuvi waliyalaani magugu yale na walikuwa na haki. Ila sisi wawili, tuliokuwa hatuna la kufanya isipokuwa kutazama, tuliona nchi zikija na kuondoka. Tulimwona yangeyange mweupe amesimama juu ya kisiwa kisichokuwa na mizizi, anasafirishwa taratibu kuelekea Butimba bila kukunjua bawa. Mume wangu akasema, "Yule naye anatembea." Nilicheka peke yangu, yeye bado.

Siku nyingine za Jumapili, baada ya ibada, tulikwenda mjini kwa miguu. Tulipita Mirongo, tukatazama maduka mapya yaliyojaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu, redio kubwa zenye milango miwili ya kanda, mafuta ya kupaka ya kila harufu. Hatukununua. Tulikuwa tunatembea katikati ya vitu kama watu wanaopita kwenye nyumba ya jirani tajiri. Jioni tulirudi tukiwa na vumbi hadi magotini, na yeye alilala vizuri.

Lakini Jumatatu ilipofika, pazia lilishuka tena. Hilo sikuwa na dawa yake.

Sasa lazima nieleze jambo la kwetu, maana asiyelijua hataelewa kilichotokea. Kwetu Wasukuma, mwanamume na mama mkwe wake hawakabiliani. Hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawali sahani moja. Wakikutana njiani mmoja huacha njia na kugeuza uso mpaka mwenzake apite. Mgeni akiwaona atadhani wana ugomvi. Sivyo. Ni heshima, na heshima hiyo ina uzito wake: kila unapomkwepa mkweo unamwambia kwamba yeye ni mkubwa kwako. Mjini wengi walikuwa wameanza kulegeza. Mume wangu na mama yangu hawakulegeza hata kidogo. Nadhani walipendana sana, kwa jinsi walivyokuwa hodari wa kutoonana.

Mama yangu aliuza dagaa sokoni Mkuyuni, na nyumba yake ilikuwa kwenye njia ya kwenda ziwani, mlango ukitazama njia. Kwa hiyo kila Jumamosi, tukifika karibu na kwa mama, mume wangu alikata kushoto, tukazunguka nyuma ya majabali. Njia ile ilikuwa ndefu, inapanda, tena katikati kuna mahali majabali mawili makubwa yamekaribiana kama milango iliyoachwa wazi kidogo, mtu mmoja tu anapita. Pimbi walitukodolea macho kutoka juu. Mijusi yenye vichwa vyekundu na miili ya bluu ilitikisa vichwa kama wazee kwenye kikao. Ukweli ni kwamba kupanda kule ndiko kulikompa mume wangu pumzi na miguu. Heshima ilimfanyisha mazoezi.

Jumamosi moja tukawa tunapita pale penye mwanya. Mimi nilitangulia. Nilipofika katikati, nikaona kikapu, na nyuma ya kikapu kitenge, na ndani ya kitenge mama yangu, anahema, anatokea upande wa pili.

"Mama! Unafanya nini huku?"

Alikuwa ameshaona raba nyeupe nyuma yangu. Akajifunika kitenge kichwani, akageukia jabali, uso ukakaribia kugusa jiwe. Nikageuka kumtazama mume wangu. Yeye naye alikuwa amekwisha kugeukia jabali la upande wake, amesimama wima kama mwanafunzi aliyepewa adhabu. Nikabaki katikati, watu wawili niwapendao wamenipa migongo.

Hapo mama akaongea, na aliliambia jiwe. "Mwanangu, nyuma yako kuna mtu?"

"Yupo, mama."

"Mwambie apite."

"Anasema upite," nikamwambia mume wangu, ambaye alikuwa karibu kiasi cha kuweza kumshika mama bega.

"Mwambie mama atangulie yeye. Ana mzigo."

"Mama, anasema utangulie."

"Nimesikia. Mwambie sitangulii. Nikipita hapo nitamgusa."

"Anasema..."

"Nimesikia," akasema mume wangu.

Tukakwama. Pimbi mmoja alikuja kutazama. Mama akashusha kikapu, akakaa juu ya jiwe dogo, mgongo ukiwa bado kwetu, kama mtu aliyekubali kwamba safari imeishia hapo.

"Muulize," akasema, "njia ya kawaida imefanya nini, hata azunguke huku juu na pimbi?"

Mume wangu akasema polepole, "Mwambie napita huku ili nisipite mlangoni kwake. Namheshimu."

Mama akaliambia jiwe tena, "Mwambie na mimi nimeambiwa sokoni kwamba siku hizi Jumamosi anatembea kwenda ziwani. Nikasema, basi nisije nikakutana naye pale njiani. Nikazunguka huku. Nina magoti mabovu, nimepanda milima kwa ajili ya kumheshimu, na yeye naye amepanda milima kwa ajili ya kuniheshimu, na sasa angalia."

Kwanza nilidhani mume wangu anakohoa. Mabega yalikuwa yanatikisika. Kisha sauti ikatoka, na kilikuwa kicheko, kile chake cha zamani, cha tumboni, kikagonga jabali hili na jabali lile kikarudi kwetu kikiwa kikubwa zaidi. Mama naye akaanza, kitenge kikitikisika kichwani. Walicheka pamoja bila kutazamana, na mimi nilisimama katikati yao nikifuta machozi.

Kicheko kilipotulia, mama akasema kwa sauti nyingine, ya chini.

"Sasa muulize hili. Jumamosi namkwepa. Jumapili namkwepa. Siku hizo nyingine zote, Jumatatu mpaka Ijumaa, nakaa sokoni sina mtu wa kumkwepa. Zamani jioni nilikuwa naona wafanyakazi wa kiwanda wanarudi, nageuka, najifunika. Mama wenzangu wananiambia, mkweo amepita. Nasikia raha. Sasa hapiti. Muulize, heshima yangu naiweka wapi?"

Sikurudia maneno hayo. Hayakuwa na haja ya kurudiwa. Mume wangu alikuwa ameweka kiganja juu ya jabali, vidole vimetanuka, kama anavyofanya fundi akisikiliza mashine kwa mkono.

"Mwambie mama," akasema mwishowe, "nimesikia."

"Na hao watu wa njiani na maswali yao ya kazi, mwambie awajibu. Wakisema hukwenda kazini, aseme sikwenda. Neno lenyewe fupi. Swali litakuwa limekwisha."

Kisha, kwa kuwa ilikuwa lazima mtu mmoja aondoke njiani, mume wangu alipanda. Hakurudi nyuma. Alishika ufa wa jabali, akaweka mguu, akajivuta juu, mtu mzima mwenye presha, mpaka akafika kileleni na kuketi akitazama ziwa, mgongo kwetu. Mama akainua kikapu, akapita chini yake akiwa ameinamisha kichwa. Aliponifikia alinibana mkono kwa nguvu, akaendelea na safari yake kama mtu ambaye hajasema kitu.

"Mwalimu," sauti ikaniita kutoka juu. "Panda."

Nilivua ndala, nikapanda. Jabali lilikuwa na joto la asubuhi. Chini yetu ziwa lilikuwa limejaa ukungu mwembamba, na ndani ya ukungu magugu yalikuwa yanaondoka, kipande kwa kipande, mpaka usiweze kusema ni ufuko unaosogea au ni sisi. Mbali, king'ora cha meli kililia kikatufikia kimechoka. Nilihesabu pumzi zake bila yeye kujua, nikaacha kuhesabu, kwa sababu zilikuwa zinakwenda sawa na zangu.

Jumatatu nilikwenda shuleni kama kawaida, nikafundisha hesabu za sehemu kwa ubao mzima, nikarudi mchana nikiwa na hofu yangu ileile njiani. Nilifika mlangoni, nikasukuma. Haukufunguka. Nilitazama chini nikaona kufuli.

Nilisimama mbele ya lile kufuli kama mtu aliyekosea nyumba. Funguo zangu nilikuwa nimeacha kuzibeba, kwa vile muda wote palikuwa na mtu ndani. Jirani, aliyekuwa anaanika mihogo uani, akaniona.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hujamwona baba wa humu ndani?"

"Katoka tangu asubuhi, mwalimu. Kapita hapa mbele za watu wote na boksi la spana. Nikamuuliza, leo hukwenda kazini? Kasema, sikwenda. Akaniuliza kama najua mwenye mashine mbovu ya kusaga. Nikamwelekeza." Akanitazama vizuri. "Kwani hajakuachia ufunguo? Masikini, umefungiwa nje! Njoo ukae kivulini kwangu."

"Hapana, asante," nikamwambia. "Nitakaa hapahapa."

Nikaweka vitabu vya wanafunzi chini, nikaketi kwenye ngazi, mgongo kwenye mlango uliofungwa. Jua lilikuwa kali, nilikuwa na njaa na kiu, na maji yalikuwa ndani. Sikuwa na haraka hata kidogo.