Kikohozi cha Pikapu ya Juma

Iko asubuhi moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu. Ni asubuhi ambayo pikapu mzee ilipanda mlima wa juu ya Rongai kimya kama paka, na kimya hicho nusura kimnyang'anye rafiki yangu Juma kazi aliyoachiwa na baba yake. Nitakusimulia polepole. Najua kuna injini umeiona mahali, na macho yameshaanza kukung'aa.

Juma alikuwa kijana wa Bondeni, hapa Nakuru mjini. Baba yake, Mzee Abdalla, alikuwa amekusanya maziwa kwa akina mama wa kule mlimani miaka na mikaka kwa pikapu ndogo ya dizeli, akiwaletea wenye hoteli za chai. Magoti yalipomkatalia, alimpa Juma ufunguo na neno moja tu: "Usiwapoteze wale akina mama." Mimi nilikuwa fundi chipukizi. Mchana nilikuwa gereji, jioni darasani na watu wazima wenzangu, na kati ya fizikia ya jioni na grisi ya mchana nilijiona naweza kufufua hata treni.

Pikapu yenyewe ilikuwa inakohoa. Si kukohoa kwa mchezo! Ikishika ule mlima, ndege walihamia kaunti jirani, na moshi wake ungeweza kuwapikia watu wa Molo viazi. Juma aliona aibu. Vijana wa stegi ya matatu hawakumwachilia: "Niaje Juma, leo umepeleka nyanya yako hospitali?"

Basi upepo ukaangusha mti huko Kiamunyi, ukalalia gari la kifahari la tajiri mmoja. Bodi ikawa chapati, injini ikabaki nzima kabisa, inameta. Juma alipoipata hakulala, na mimi hakunipa nafasi ya kulala. Tulikata, tukachomelea, tukafupisha shafti, waya zikajaa miguuni kama matumbo ya mbuzi wa harusi. Boneti ilikataa kufunga, tukaitoboa, injini ikawa inachungulia nje kama mpangaji mpya. Ile ya zamani Juma akampa mwenye kinu cha kusaga mahindi, kwenye senta iliyo chini ya mlima, imzungushie mawe yake.

Tulipowasha nilidhani haijashika.

"Washa basi," nikamwambia.

"Imewaka! Gusa boneti." Juma alikuwa karibu kulia kwa furaha. "Boss, hii si pikapu tena. Hii ni gari ya gavana."

Kesho yake asubuhi tukapanda mlimani. Mwanangu, tulifika juu kabla vumbi letu halijajua tumeondoka. Na huko juu hakukuwa na mtu. Siku zote akina mama walikuwa wamesimama kando ya barabara na mitungi yao, maziwa bado yana povu. Siku hiyo, geti baada ya geti, hakuna mtungi, hakuna mama, mbwa tu anatushangaa.

Juma akapiga honi. Hapo ndipo alipoharibu kabisa, kwa sababu ng'ombe akishtuliwa hufunga maziwa, na siku hiyo ng'ombe wa mlima mzima walifunga kana kwamba wamekubaliana kwenye mkutano. Tulirudi mjini na maziwa ya kutosha chai ya paka mmoja mwenye adabu. Wenye hoteli walitupokea kwa maneno ambayo sitayaandika.

Siku iliyofuata tulienda polepole. Bado mitungi haikuwepo. Tulimkuta mtu mmoja tu barabarani, ameketi juu ya kigoda chake cha kukamulia. Alikuwa Kogo Tapsubei. Kogo ndivyo wanavyomwita nyanya kule, na huyu alikuwa nyanya wa wote, wa kwanza kumuuzia Mzee Abdalla maziwa.

"Nyinyi vijana," akasema, "mliua ile gari?"

"Hapana, Kogo. Tumeiponya."

"Nani aliwaambia ni mgonjwa?"

Juma akacheka. Kogo hakucheka.

"Ile gari ikianza kukohoa pale kwa daraja, mimi nachukua kigoda na ndoo. Ikikohoa pale kwa kanisa, nimemaliza kukamua, natoka nje. Kila mama hapa ni hivyo. Maziwa inafika kwenu ikiwa moto. Saa hii mnakuja kama wezi."

"Si nitakuwa nakupigia simu, Kogo?"

"Nishike simu na mkono gani? Hii iko na mafuta ya kukamua, hii imeshika ng'ombe."

"Basi tukubaliane saa."

"Saa gani? Barabara ikikauka unakuja saa yako, mvua ikinyesha unakuja saa ingine. Ile gari ilikuwa inatuambia yenyewe." Akainuka kwa shida. "Jana mchana ikakohoa huko chini. Tukakamua wote, tukangoja hapa kwa jua mpaka maziwa ikaganda. Kumbe ni unga inasagwa!"

Hapo nilitaka kucheka, nikakumbuka nilipo.

"Sikia, mtoto wa Abdalla. Kuna kijana wa pikipiki anapita hapa na mitungi. Pikipiki yake inapiga kelele, inasikika mpaka ng'ambo. Kesho nikikosa kusikia gari ya baba yako, maziwa yangu ni yake. Na hawa wengine unajua wananifuata."

Juma akageuza gari. Njia nzima ya kushuka injini ile haikusema kitu. Tukaenda moja kwa moja kwa mwenye kinu. Yeye alishukuru hata kabla hatujaomba.

"Ondoeni hii kitu yenu! Nimesaga siku moja tu, nusu ya mlima imekuja kuniuliza gari ya maziwa iko wapi."

Tuliifunga tena kwenye pikapu papo hapo, kwenye vumbi la unga, tukawa weupe kama mizimu, na jua lilipozama ilikohoa. Ile injini ya tajiri ilibaki nyuma ya gereji. Kuku wa jirani wakaifanya kiota, na nakwambia walitaga mayai yenye ukubwa wa papai.

Asubuhi tulipofika darajani, Juma alishusha kioo. Pikapu ikashika mlima, ikakohoa, ikatema moshi. Juu kule mlango ukafunguliwa. Kogo akatoka na kigoda na ndoo, akaelekea kwa ng'ombe wake, wala hakugeuka kutazama barabara.

Sisemi uiache injini uliyoiona, mwanangu. Huenda pikapu yako inaihitaji kweli. Lakini kabla hujashika spana, panda mlima kwa miguu. Uliza wanaokaa kando ya barabara wanakitumiaje hicho unachokionea aibu. Kelele unayotaka kuinyamazisha huenda kuna mama anaamka kwa kuisikia.

Mungu aibariki mikono yako. Akupe kazi isiyoisha na breki zinazoshika, na katika kila mlima utakaoupanda awepo mtu atakayekusikia ukija, ainuke akutayarishie.