Novemba Nilipokuwa Meno ya Nyanya

Harufu ya Novemba kwetu Ndalu ilikuwa ya mabua yaliyolowa kisha yakapigwa na jua, tamu kidogo, kama uji ulioanza kuchacha. Asubuhi ukungu ulilala mashambani hadi saa tatu, jua likaja kali, na alasiri wingu likateremka kutoka Mlima Elgon. Katikati ya ukungu na wingu ndipo tulipoanika mahindi. Kila boma lilikuwa na turubai uani, na watu wazima walitembea wakitazama juu kuliko walivyotazama njia. Nilikuwa na miaka tisa, na mwezi ule niliupenda kuliko Krismasi.

Nyanya, mama yake baba, ndiye aliyeamua mahindi yaingie ghalani lini. Alichukua punje, akaiuma kwa gego, akasikiliza. Ikilia ka, imekauka. Ikibonyea, bado. Mahindi yenye maji yakifungwa guniani hushika kuvu, na magunia hayo ndiyo yaliyokuwa chakula chetu hadi mavuno mengine. Lakini mwaka ule gego lake la mwisho lilikuwa limeng'oka, na hakutaka wanawe wajue, wasije wakamwondolea kazi hiyo. Alinivuta nyuma ya jiko, akaniwekea punje kiganjani.

"Uma," akasema. "Na usiambie mtu."

Kwa wiki tatu nilikuwa meno yake. Yeye alitia punje mdomoni mbele ya watu, akazunguka jiko kama anayefikiri, na huko nyuma mimi niliuma nyingine na kumpa jibu. Nilijifunza kwamba punje za katikati ya turubai husema uongo. Ukweli uko kwenye mikunjo.

Siku moja wingu lilikuja mapema, jeusi. Baba mdogo Wafula alikuwa ameshaleta magunia, akisema mahindi yamekauka, tufunge kabla mvua haijatukuta. Nyanya akatia punje mdomoni, akanitazama. Hapakuwa na muda wa kuzunguka jiko. Nikaokota punje kwenye mkunjo, nikaiuma mbele ya wote. Ilibonyea.

"Bado," nikasema.

Wafula akacheka. "Ati bado? Kwani wewe ndio meno ya mama?"

Nyanya akaitemea punje yake kiganjani, nzima, bila alama, akawaonyesha wanawe.

"Ndiye," akasema. "Funikeni turubai."

Wafula alitazama ile punje, akaweka magunia chini na kushika pembe ya turubai. Ilinyesha mvua ya mawe hadi jioni. Tulianika siku nane zaidi. Jirani aliyefunga yake siku ile aliishia kuwapa nguruwe, nasi tulikula ugali mweupe mwaka mzima. Nyanya hakuondolewa kazi. Tangu hapo aliniita waziwazi nimuumie punje, na hata maboma mengine yakaanza kuniazima.

Niliacha shule darasa la sita, nikazunguka Webuye, Bungoma, Kitale, nikifanya kazi yoyote iliyokuwa na kitu cha kunifunza. Siku hizi mvua ya Novemba huingia hadi Desemba, na sokoni kuna kimashine kinachosoma unyevu wa mahindi kwa namba. Nilimwomba kijana mwenye nacho anionyeshe kinavyofanya kazi, nikakaa naye asubuhi nzima. Ni kizuri, hakikosei, na hakuna nyanya anayelazimika kuficha mdomo wake. Hata hivyo, tangu Novemba zile za kuuma punje, sijapata tena kuona watu wazima wakiweka chakula chao cha mwaka kwenye neno langu moja.