Tumbo la Baba

Nyumbani kwetu Matogoro tumbo lilianzia chini ya kifua na kuishia magotini. Chochote kilichouma katikati hapo kiliitwa tumbo, na mtu mwenye adabu hakuuliza zaidi. Mimi nilikuwa mwalimu wa sayansi, nachora viungo vya mwili ubaoni kwa chaki za rangi, lakini mbele ya baba yangu sayansi yote iliniishia. Binti hamuulizi baba yake habari za chini ya kitovu.

Kwa hiyo baba alipoanza kuumwa, aliumwa tumbo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara za watu binafsi zimeachiwa huru na maduka ya dawa yameanza kufunguliwa kila kona, na mimi nilikuwa nimepanga chumba mjini, Lizaboni, jirani na duka moja. Muuzaji aliniuliza mzee anaumwa nini, nikajibu tumbo, akanipa dawa ya minyoo. Mwezi uliofuata akanipa ya vidonda vya tumbo. Baba alimeza zote bila kunung'unika. Kila Jumamosi alikuja kunitembelea kwa miguu kutoka Matogoro, akakaa kidogo, akakataa chai, akaondoka. Chai yangu mimi! Nilidhani ananionyesha kwamba hajafurahi kuona nakaa peke yangu mjini bila mume, nikamnunia. Bado naona aibu nikikumbuka jinsi nilivyokuwa naondoa kile kikombe mezani kwa kishindo.

Jumamosi moja alifika asubuhi amejikunja, jasho linamtoka, na chini ya kitovu pamevimba. Nikampeleka hospitali.

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu wa pwani, mgeni kwetu, mfupi na mpole kiasi cha kunitia wasiwasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Tunaumwa nini leo?"

Nikajibu mimi. "Tumbo, daktari. La siku nyingi. Ameshameza dawa za kila aina."

Hakunikatiza. Alimlaza baba, akaweka kidole kimoja juu ya tumbo na kukigonga kwa kingine, akianzia juu na kushuka polepole. Juu palilia wazi. Chini ya kitovu sauti ikawa nzito, kama unapogonga debe ukafika penye maji. Nilikuwa nagonga debe langu hivyo kila asubuhi kujua maji yamebaki kiasi gani, na bado sikuelewa.

"Mwalimu," akasema, "naomba utupishe kidogo. Tuachie wanaume tuzungumze."

Nilitoka nimevimba kwa hasira. Nani atamsemea baba? Nikakaa kwenye benchi chini ya dirisha. Baba alikuwa na masikio mazito, ikabidi daktari apaze sauti, na baba naye akapaza ya kwake, kwa hiyo nikasikia yote.

Hakumuuliza habari ya mkojo hata kidogo. Alisema, "Mzee, umetoka Matogoro mpaka mjini kwa miguu. Njiani umesimama wapi na wapi?"

Nikamsikia baba akicheka kidogo.

"Zamani nilikuwa nafika bila kusimama, mwanangu. Halafu nikawa nasimama kwenye mkuyu. Halafu mkuyu na daraja. Sasa nasimama kila mkaratusi. Leo nimesimama tu, hakuna kilichotoka. Tangu jana hakijatoka kitu."

"Na maji unakunywa?"

"Nikinywa nitamwaibisha binti yangu. Choo cha pale kwake kinatazamana na milango ya wapangaji. Wataniona naingia natoka, naingia natoka."

Pale kwenye benchi nililia. Kumbe chai yangu haikuwa na kosa.

Daktari alipotoka alianza kwa kusema kwamba mzee amemruhusu anieleze. Tezi dume lilikuwa limekua na kubana njia ya mkojo, kibofu kimejaa, na kama tungeendelea na minyoo yetu figo zingekufa. Mpira wa kutolea mkojo ulikataa kupita mara ya kwanza. Hakulazimisha. Alisubiri, akaongea na baba habari za mahindi, akachukua mwembamba zaidi, ukapita. Baba alifumba macho akasema, "Asante, Bwana," na sikujua anamshukuru yupi.

Figo zilipotulia, wakamchoma sindano ya ganzi mgongoni na kumpasua. Tezi lenyewe nililiona kwenye kibakuli, limeshapita ukubwa wa limau, nikashangaa kitu kama kile kilivyotaka kuniulia baba kimyakimya. Baada ya hapo tulikaa tukisoma rangi ya maji yanayotoka kwenye mpira: mekundu, kisha kama chai ya rangi, kisha meupe. Daktari yule hakuwa mtu wa kuuliza ripoti mlangoni. Alichuchumaa chini ya kitanda, akainua chupa na kuitazama kwenye mwanga yeye mwenyewe. Nimefanya kazi na wakubwa wengi tangu hapo, na wanaochuchumaa ni wachache mno.

Siku ya kumruhusu baba moja kwa moja, alimwambia, "Mzee, sasa nenda nyumbani kwa miguu. Ukirudi kuangaliwa, utaniambia umesimama wapi."

Tulipitia kwanza kwangu. Baba alikunywa vikombe viwili vya chai, akasogeza kikombe nimwongezee cha tatu. Kisha nikamsindikiza. Tulipita mikaratusi, alikuwa anaongea habari za mbolea. Tulivuka daraja. Tulipofika kwenye mkuyu hakuutazama hata kidogo, akaupita na fimbo yake, mgongo umenyooka.

Aligeuka akanikuta nyuma, nimeushika mti, nafuta macho kwa khanga.

"Mbona umesimama?" akauliza.

Nikajipangusa tena kwa khanga. Akanitazama, akasema taratibu, "Tumbo?"

"Ndiyo, baba," nikasema. "Tumbo."

Akarudi akasimama kando yangu, akanisubiri.