Jezi Ndani ya Koti

Juzi nilikuwa nalipunguza koti la kanisani la marehemu mama. Nilipofumua bitana, niliweka mkasi chini, nikakumbuka alasiri moja katika mtaa wa Observatory, ugenini tulikokuwa tukiishi.

Chumba chetu kilinuka mafuta ya cherehani. Jirani yetu, bibi mmoja kutoka Ayalandi, alileta jezi ya mpira yenye mistari ya kijani na nyeupe. Ilikuwa ya mumewe, ambaye angezikwa kesho yake. Alitaka mama aishone ndani ya koti la bluu ambalo yeye bibi angevaa mazishini, isionekane. Mimi ndiye niliyemtafsiria mama.

“Kwetu hata mpira una dini,” alisema yule bibi. “Wakatoliki kama mume wangu, kijani; sisi Waprotestanti, bluu. Kaka zangu wamekuja mazishini, lakini rangi hii hawaitaki machoni.”

Nilidhani ni ushabiki tu. Nikacheka.

Mama hakucheka. “Mwambie na kwetu iko vile,” alisema. “Kwetu ni kabila.”

Baba alikuwa wa kabila lingine, na wajomba hawakutaka atajwe nyumbani, hata baada ya kufa kwake. Mama aliinama, cherehani ikanguruma mpaka jioni.

Juzi, chini ya ile bitana, nilikuta shati la baba.